Akiba ya Kuvu na Mahindi ya Baba Minza

Ninyi mnaobaki maabara mliniambia siku ya kuniaga nisiondoke na mambo yote kichwani. Nikawajibu kichwa changu hakina mengi, kimejaa udongo. Mkacheka, mkamaliza soda. Lakini nilipokaa nyumbani Mazwi wiki mbili bila kupima kitu chochote isipokuwa sukari ya chai, nikaona afadhali niandike. Vyeo sitavitaja, maana mnajua vilivyochelewa na vile ambavyo havikuja kabisa. Nitaandika kazi, na hasa kosa moja ambalo wengine wenu mmelisikia nusunusu.

Siku ya kwanza nilikwenda kazini na viatu vya kisigino. Nilikuwa nimetoka chuoni, nikadhani fundi wa maabara ni mtu wa kusimama wima na koti jeupe. Mzee Kipeta, aliyekuwa fundi mkuu wa maabara yetu ya udongo, aliviangalia vile viatu, akaniangalia mimi, kisha akanikabidhi kinu na gunia la udongo mkavu. Nilitwanga hadi jioni. Kesho yake nikaja na kandambili, naye akasema sasa naweza kufundishika.

Mzee huyu hakuanza na udongo. Ujana wake wote alifanya kazi maabara ya hospitali, akitafuta vijidudu kwenye makohozi na kwenye koo za watoto. Alipohamia kwetu alikuja na vitu viwili: hadubini ya zamani yenye kioo cha kunasa mwanga wa jua, na chupa ndogo ya rangi ya bluu. Rangi ile aliitunza kama mafuta ya ubatizo. Nilimuuliza ya nini hapa, wakati sisi tunapima udongo. Akanijibu kwamba nikishajua kuosha chupa ataniambia.

Kuosha chupa kwake ilikuwa somo la miezi. Kwanza maji, kisha tindikali, kisha maji safi ya mtambo mara tatu, kisha chupa inainamishwa ikauke yenyewe. Kitambaa marufuku. Mimi mtoto wa mama aliyesugua sufuria kwa majivu mpaka ukajiona sura, nilidhani mzee anazeeka vibaya. Chupa gani inaoshwa bila povu?

Alipoona nimenyooka, akanionyesha ile rangi. Alichimba kwenye shamba la ulezi la jirani, akatoa mizizi myembamba, akaiosha, akaweka kipande kwenye kioo na kutonesha tone. Nikainama kwenye hadubini. Nikaona mzizi, na ndani yake nyuzi nyembamba za kuvu, rangi ya bluu hafifu. Ndani ya nyuzi kulikuwa na punje, na punje hazikuwa bluu, zilikuwa na wekundu wa zambarau. Nikasema rangi imeharibika. Mzee akacheka mpaka akakaa chini.

Kwa wale ambao bado hamjaona, nawaeleza alivyonieleza yeye. Fosfeti ni chakula ambacho hakuna kiumbe kinachoishi bila hicho, na kwenye nyanda zetu za Ufipa, ambako udongo ni mchachu, chuma na alumini huishika visiiachie. Kijidudu kinapoipata hakiili yote. Kinaziunganisha fosfeti moja baada ya nyingine, kama shanga kwenye uzi, kinatengeneza mnyororo mrefu unaoitwa polifosfeti, kisha kinauweka ndani ya mwili wake. Siku ya njaa kinakata shanga moja moja na kuishi. Mnyororo huo huo una nguvu ndani yake ambayo kijidudu hutumia pale nguvu ya kawaida inapopungua. Hunasa metali zenye sumu. Hukisaidia kijidudu chenyewe kuvumilia ukame, joto na uchachu. Kuvu wanaokaa na mizizi wana kazi ya ziada: huokota fosfeti mbali, mahali mzizi haufiki, huipakia kwenye mnyororo, huisafirisha ndani ya nyuzi zao, na wakifika kwenye mzizi huikata na kuuza. Malipo yao ni sukari ya mmea.

Mzee alisema punje hizo alizijua kwanza hospitalini, kwenye kijidudu cha dondakoo. Huko zilimsaidia kumtambua adui. Alisema ajabu yake ni kwamba adui wa mtoto na rafiki wa ulezi wana ghala la aina moja. Kisha akanikanya, na mimi nawakanya: rangi inakuonyesha njia, haitoi hukumu. Vitu vingine navyo hugeuka zambarau. Usione punje ukaandika ripoti.

Sasa nije kwenye kosa.

Mwaka wangu wa nne Mzee Kipeta alikwenda likizo kwao Namanyere, akaniachia maabara. Ilikuwa kabla ya mvua, wakulima wanaleta udongo ili wajue watie mbolea gani. Kipimo cha fosforasi mnakijua: unautikisa udongo kwenye maji ya tindikali, unachuja, unatia dawa, unasubiri. Fosforasi ikiwepo maji yanageuka bluu, na kadiri bluu inavyokolea ndivyo fosforasi ilivyo nyingi. Pamoja na sampuli unapima chupa moja isiyo na udongo wowote, yenye maji tu, tunayoiita blanki. Hiyo inatakiwa ibaki nyeupe. Ikigeuka bluu, ujue uchafu ni wako, si wa mkulima.

Wiki hiyo tindikali ya kuoshea iliisha. Dawa nayo ilikuwa chini ya chupa. Mimi nikafanya mambo mawili ambayo mama yangu angenisifu. Nikanunua sabuni ya unga, nikaosha chupa zote mpaka zikang'aa, povu hadi kwenye viwiko. Na ili kubana matumizi nikaacha kupima blanki, maana niliona kupima maji matupu ni ufujaji. Usafi na ubanaji, hayo mawili ndiyo yaliyoniponza.

Sampuli zikatoka bluu nzuri ajabu. Nilifurahi kwa niaba ya wakulima. Nikajaza karatasi, nikaweka sahihi: fosforasi inatosha, mbolea ya kupandia si lazima. Wakulima wengi walizisoma, wakazikunja, wakaendelea na mazoea yao. Mmoja tu ndiye aliyetuamini.

Huyo ni Masanja, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake pamoja na familia, akapata shamba njia ya kwenda Namanyere. Watu walimwita Baba Minza, kwa jina la binti yake. Alikuwa amekwisha kununua mbolea ya kupandia. Aliposoma karatasi yangu akairudisha dukani, mifuko yote, akapanda mahindi bila hiyo.

Januari akatokea maabara akiwa na mche wa mahindi mkononi, na mizizi yake, na udongo wake. Ulikuwa umedumaa, majani yamekuwa zambarau kuanzia pembeni. Mzee Kipeta alikuwa amerudi. Akaupokea, akaomba ile karatasi, akaisoma, akaliangalia jani. Hakusema kitu mbele ya mgeni zaidi ya kwamba tutalifuatilia na atapata jibu, naye Masanja akawahi basi. Mlango ulipofungwa mzee akaniambia nichukue chupa yoyote kabatini, nitie maji safi, nitie dawa.

Tukasubiri. Maji matupu yakageuka bluu.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na mimi ndiye mtu wa ardhi. Mzee akaniuliza nimeosha na nini. Nikamwambia. Akaomba kuiona ile pakiti, akaigeuza, akaguna. Akanieleza kwamba sabuni za unga nyingi za wakati ule zilitiwa mnyororo wa fosfeti ili zilainishe maji, mnyororo mfupi, ndugu kabisa wa ule ulio ndani ya kuvu. Tindikali ya kipimo ilikuwa inaukata vipande na dawa inausoma. Nilikuwa nimepima povu langu na kuliuza kama rutuba ya shamba la mtu.

Mkuu wetu wa wakati ule hakuwa mtu mbaya, ila alipenda amani. Akashauri tuandike kwamba sampuli zilichanganyika njiani, na kwamba mvua ya mwaka huo nayo haikuwa nzuri. Kusema kweli, moyo wangu uliruka kwa furaha kusikia hivyo. Nilikuwa na miaka minne tu kazini na mtoto mchanga nyumbani. Mzee Kipeta alinisubiri nje, kwenye ubao wa kuanikia udongo.

"Yustina," akasema, "sahihi kwenye karatasi ni yako. Na miguu ya kwenda unayo."

Kesho yake nikapanda basi. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini hawakusema unavyotetemeka ukiufunua. Nilimkuta Masanja shambani na mkewe nje ya nyumba, nikaomba tukae wote. Nikasema moja kwa moja: nimeosha chupa kwa sabuni, sikupima ya kulinganisha, karatasi uliyoiamini ni ya uongo, na aliyeiandika ni mimi. Nikaongeza kwamba hata tukitia mbolea sasa haitayaokoa mahindi yale, yamekwisha kuchelewa. Nilifikiri afadhali nimalize yote kwa pamoja.

Masanja hakunitukana. Ningependa angenitukana. Mama Minza ndiye aliyezungumza, kwa sauti ya chini, akiangalia miguu yake. Alisema wamehama mara tatu tangu waoane, kila mara kwa sababu ya malisho au mavuno. Chakula kikikosekana watauza ng'ombe wa kulimia, na ng'ombe wa kulimia wakienda watashuka bondeni kutafuta pa kuanzia tena, na Minza yuko darasa la saba.

"Nilikuwa nimekwisha kupanda maua mlangoni," akasema.

Nikaangalia mlangoni. Kweli yalikuwepo, kwenye makopo ya rangi. Niliondoka pale nikilia barabarani mchana kweupe, na aliyetaka kunishangaa alinishangaa.

Mzee Kipeta hakunibembeleza. Aliniuliza jirani wa Masanja ni nani. Nikamwambia ni Mama Leokadia, mjane Mfipa, mkulima wa maharage na ulezi. Akauliza ulezi wake ukoje. Nikakumbuka kwamba nilipokuwa nikipita nikijifuta machozi niliuona umesimama kijani, safi, mpaka mmoja na yale mahindi ya zambarau. Na udongo wake alioleta kabla ya mvua tulikuwa nao kabatini, kwa hiyo tukaupima upya pamoja na wa Masanja kwa chupa zilizooshwa inavyotakiwa. Fosforasi yake ilikuwa ndogo vilevile kama ya Masanja. Udongo mmoja, namba moja, shamba moja linalia na lingine linacheka.

Tofauti ilikuwa intumba. Wenyeji mnazijua, kwa wale waliotoka mikoa mingine, ni tuta la mviringo la Kifipa. Mvua ikiwa katikati na nyasi zimerefuka, unazikusanya, unazifunika kwa udongo wenye majani yake uliogeuzwa juu chini, unapanda maharage juu. Msimu unaofuata unalitawanya na kumwaga ulezi. Zikiwa nyingi shambani zinatisha kidogo. Masanja alipoziona mara ya kwanza aliuliza ni msiba gani umeua watu wote hawa.

Tukatia rangi mizizi ya mashamba yote mawili. Ya Masanja, aliyelima sesa, bila matuta, miaka yote kwa plau, ilikuwa na nyuzi chache, nyingi tupu. Ya Mama Leokadia ilijaa nyuzi, na nyuzi zimejaa punje. Mzee akasema, bila kuhukumu, kwamba inaelekea nyasi zinazooza mle ndani zinalisha vijidudu, vijidudu vinaweka akiba, na kuvu hawafukuzwi na plau kila mwaka. Kwa hiyo mpango ukawa huu: Masanja ayafukie mahindi yake na magugu yote kwenye intumba kabla ya Februari kuisha, apande maharage, na kila intumba atie konzi kadhaa za udongo wenye mizizi kutoka kwa jirani yake, kama mbegu ya kuvu.

Masanja alisema anayo plau, yeye si fuko. Kisha akaangalia mlangoni kwake kwenye yale makopo, akaenda kutafuta jembe. Wanawe na shemeji zake wakaingia kazini. Ng'ombe, waliozoea kulala na kula pale pale, wakahamishiwa upande wa pili ili nyasi zibaki. Hilo kwa mfugaji si jambo dogo, na sikumsikia akilalamika.

Aliyekataa ni Mama Leokadia. Nilimwamkia shikamoo, nikapewa kiti na uji wa ulezi, nikaombwa nieleze shida yangu, na nilipomaliza akasema hapana. Maharage ya mbegu atampa Masanja, atamfundisha kujenga hata kwa mikono yake mwenyewe, lakini udongo wa shamba hautoki. Bibi yake aliwakataza. Udongo ukivuka mpaka, mavuno yanaufuata. Nilimweleza kuhusu kuvu, akanisikiliza kwa upole wote wa mtu asiyeamini neno hata moja. Akasema, "Mwanangu, hicho kitu unachokisema umekiona, au umesomeshwa?"

Nikamwambia nimekiona, na yeye anaweza kukiona.

Akaja Jumatatu, sweta juu ya kitenge, rozari mkononi. Mzee Kipeta akageuza kioo kwenye jua, akamwekea mzizi wa ulezi wake mwenyewe. Aliinama muda mrefu mpaka nikadhani amesinzia. Akauliza vile vidoadoa ni nini. Mzee akamwambia ni ghala. Wakipata wanaweka, siku ya shida wanatoa, na mwenzao mmea akiwa na njaa wanampelekea, naye huwalipa. Akauliza kama mzee akichota konzi moja, waliobaki watakufa. Mzee akajibu hapana, watazaana.

Mama Leokadia akainuka, akafuta jicho.

"Hawa ni Wafipa," akasema. "Wanaweka akiba na hawasemi."

Mzee Kipeta, ambaye kucheka kwake kulikuwa kwa msimu, alicheka mara ya pili tangu nimjue. Kisha mama yule akasema bibi yake alikataza kwa sababu hakuwaona hawa. Angewaona, angejua kwamba ukimpa jirani hupungukiwi. Jumatano akamchotea Masanja udongo yeye mwenyewe, kwa ungo wake, akaubeba kichwani mpaka upande wa pili wa mpaka. Nilimpokea pale. Nikamkumbatia na udongo wake wote, sikujali.

Mzee Kipeta alisisitiza mistari miwili ya intumba isitiwe udongo wa jirani. Masanja akaona ni uchawi au ubahili. Nikamwambia hiyo ndiyo blanki, na blanki nilishaiacha mara moja.

Maharage yakaota yote. Kwa wiki za mwanzo sikuona tofauti, nikaanza kukosa usingizi. Kisha yakaachana. Mistari ile miwili haikuwa mibaya, nyasi zilizofukiwa zilifanya kazi yake, lakini iliyopata udongo wa Mama Leokadia ilijaza majani na kuwahi kutoa maua. Nisije nikasemwa: intumba ni mambo mengi, kuna mbolea ya nyasi, kuna unyevu, kuna maharage yenyewe. Sijawahi kuandika popote kwamba ni polifosfeti peke yake iliyomwokoa Masanja. Nasema tu mizizi niliichimba mwenyewe, nikaitia rangi, na nyuzi za mle zilikuwa zimeanza kuweka akiba.

Maharage hayo waliyala na mengine wakabadilishana na mahindi. Walikula mara moja kwa siku wakati fulani, sitapamba. Lakini ng'ombe wa kulimia hawakuuzwa. Minza alimalizia darasa la saba palepale.

Agosti ilipofika, na baridi yake mnayoijua, nilisikia mkokoteni wa ng'ombe nje ya maabara. Nikatoka. Ulikuwa umejaa mifuko ya udongo, kila mmoja na jina lake kwenye karatasi ya daftari, yote ya wafugaji wenzake Masanja, watu ambao tulikuwa tumewabembeleza miaka yote walete sampuli wakakataa. Masanja alikuwa ameshika kamba. Mzee Kipeta akamuuliza amewaambia nini, maana sisi tulishawaambia kila kitu tunachokijua.

Masanja akanielekezea kidevu.

"Nimewaambia hapa kuna mama, akikosea anakuja mwenyewe kukwambia. Wakasema basi, huyo apime."

Mzee Kipeta akaingia ndani, akarudi na daftari na kalamu, akanipa mimi, naye akaanza kushusha mifuko.